TV Iliyokuja Ndani ya Blanketi

Nakuru, Agosti 2008

Wambui mama,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako Tabitha, na nyinyi wawili mkikutana najua chai haiishi haraka. Kwa hivyo nimepata nafasi. Begi lako liko hapa karibu na mlango, limefungwa, na kila nikilitazama naliona dogo sana kwa mtu anayekwenda Juba. Nimelitazama tu. Sijalifungua, ingawa mwanzo wa mwaka huu ningelifungua.

Sitakuandikia mambo ya kuchemsha maji na kulala ndani ya neti. Hayo Tabitha anakuambia sasa, na anayajua kuliko mimi. Mimi nataka kukuandikia juu ya TV. Tangu siku ile niliyokuja kukuchukua kwa shangazi yako, hatujawahi kuizungumzia. Tunaitazama jioni, tunaizima, tunalala. Wewe unanijua, maneno hunitoka kwa shida, na hili sikio la kushoto lililoharibiwa na misumeno ya Elburgon limenizoesha kukaa kimya. Lakini kwa karatasi naweza kujaribu.

Unakumbuka hali tuliyokuwa nayo Februari, baada ya ghasia za uchaguzi. Nyumba ya Ouma, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ilikuwa wazi, mlango umeng'olewa pamoja na fremu yake. Yeye na watoto walikuwa wamekimbilia kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho, halafu wakasafirishwa kwao. Vitu vyake vilichukuliwa mchana na watu ninaowajua. Niliona kochi lake likipita kwa mkokoteni, na baadaye nikaliona nyumbani kwa mtu ninayekaa naye benchi moja kanisani, limetandikwa vitambaa vipya. Nilikunywa chai nikiwa nimelikalia na sikusema neno. Siku hizo kila mtu kwenye ploti alikuwa akichungulia ni nani amepata kitu kipya. Ukinunua hata sufuria, unaifunga kwa gazeti mpaka uingie ndani.

Ndipo ukaja wewe kutoka Naivasha, alasiri, na pikapu ya kubeba maua, na kitu kirefu kimefungwa kwa blanketi la kijivu.

"Baba, shika huku. Usiilaze."

"Ni nini?"

"Ni TV. Flat screen."

Mimi TV za aina hiyo nilikuwa nimeziona kwenye dirisha la duka mjini tu. Ilikuwa nyembamba kama ubao uliopigwa randa. Tuliiingiza ndani tukaiegemeza ukutani, na kabla hata hujaketi nikaanza kukuuliza.

"Katoni yake iko wapi?"

"Ilinyeshewa."

"Na rimoti?"

"Imepotea njiani. Lakini ina vibonye hapa pembeni."

"Umeinunua?"

"Eeh."

"Kwa mshahara wa kutandika vitanda hotelini?"

Ulivua viatu polepole sana. Halafu ukasema, "Meneja alinisaidia. Meneja anajua."

Nataka ujue kwa nini neno hilo lilinichoma, maana sikuwahi kukueleza. Nikiwa kijana pale Elburgon, kabla ya kuoana na mama yako, nilipewa kazi ya kukagua malori langoni mwa kiwanda cha mbao. Rafiki yangu mmoja, mtu tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja, alipita na lori la mbao za mtarakwa jioni akaniambia, "Fungua, meneja anajua." Nilifungua. Meneja hakuwa anajua kitu. Rafiki yangu hakuonekana tena, na mimi nilifukuzwa mbele ya wafanyakazi wote nikiitwa mwizi. Nilikaa muda mrefu bila mtu wa kuniandika kazi, mpaka mwenye kiwanda kingine akanionea huruma akaniweka kwenye msumeno. Huo ndio msumeno ulioniharibia sikio kwa kelele zake. Kwa hivyo mtu akiniambia fulani anajua, mimi husikia lori likipita.

Lakini sikukwambia hayo. Nilienda kutafuta mbao.

TV haikuwa na miguu, na hilo pia lilinisumbua. Nikasema nitaitengenezea stendi mwenyewe. Nilipoigeuza ili nipime, niliona mgongoni matundu manne ya skrubu, na kando ya kila tundu mikwaruzo ya bisibisi. Nimefungua na kufunga skrubu maisha yangu yote. Hiyo TV ilikuwa imefungwa kwa ukuta wa mtu, na aliyeifungua alikuwa na haraka. Chini kidogo kulikuwa na alama ya gundi, ya mraba, mahali palipokuwa na kikaratasi kilichobanduliwa kwa maji moto. Ulikuwa jikoni ukichemsha chai. Nilipitisha kidole juu ya ile gundi, ikanata kidogo. Nikajiambia, hii ilibanduliwa juzi.

Nikaendelea kupiga misumari kana kwamba sikuona. Hiyo ndiyo tabia yangu mbaya, mama. Nikishaanza kumshuku mtu, sisemi naye. Namchunguza.

Stendi ilipokuwa tayari nilipanda juu ya mabati na antena, wewe ukabaki ndani ukitazama picha. Uliita na sikusikia. Ikabidi Mama Karanja asimame katikati ya uwanja anionyeshe kwa mkono, zungusha, rudisha, hapo hapo, upande wa mlima Menengai. Niliposhuka akanitazama na tabasamu lake lile.

"Baba Wambui, kumbe Mungu amewakumbuka."

"Ni ya mtoto."

"Ya mtoto," akasema. "Na wengine wetu watoto wetu hawatuletei hata redio." Akabaki pale, akauangalia mlango wa Ouma uliong'olewa, kisha akauangalia mlango wetu.  

Tulipoiwasha, kitu cha kwanza kilichotokea ni maandishi ya Kizungu ya kumkaribisha mgeni. Nilikuuliza ni nini. Ukasema huwa zinatoka kiwandani hivyo. Halafu habari zikaanza, picha safi ajabu, ila sauti ilikuwa kama ya mtu anayenong'ona kanisani. Nikakuambia uongeze. Ulibonyeza, mstari wa sauti ukapanda kidogo ukagoma.

"Imefika mwisho, Baba."

"TV kubwa namna hii, mwisho wake ni huo?"

"Labda ina shida."

Ulisema hivyo huku ukitazama sakafu. Nilikaa karibu na kioo kama mtoto, sikio la kulia mbele, na sikuona habari hata moja. Nilikuwa nakutazama wewe kwenye ule weusi wa pembeni mwa kioo. Ulipoizima ilibaki na kitaa chekundu. Ukasema ni kawaida, imelala tu. Mimi nikaenda nikachomoa waya kwa soketi, nikasema sitaki kitu kinacholala jicho moja wazi nyumbani kwangu.

Kesho yake niliifunika kwa shuka na kuvuta pazia. Kichwani nilikuwa na mambo mawili. Labda umeiba, au umebeba kilichoibwa na watu wengine kule Naivasha, maana huko nako tulisikia yaliyotendeka. Au ni mwanamume amekupa. Jambo la kwanza lilinipa hofu ya askari. La pili baba hawezi kumuuliza binti yake. Kwa hivyo nilimtuma Tabitha. Nilimwambia akuulize kwa njia ya kike, ajue huyo meneja ni nani kwako.

Hujui jinsi nilivyokaa pale nje nikijifanya kunoa panga huku nyinyi mkiongea. Ulitoka ukiwa na mfuko wa nguo. Hukulia mbele yangu. Ulisema tu, "TV ni yako, Baba. Iko hapo." Ukaenda kukaa kwa shangazi yako. Tabitha alibaki nyuma amefunga mikono.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Amesema hakuna mwanamume."

"Unamwamini?"

"Mimi namwamini. Wewe ndiye hujaniambia unamwamini nani."

 Niliona ukimya wako kama ushahidi. Mtu asiye na hatia hueleza, ndivyo nilivyofikiri, nikasahau kwamba mimi mwenyewe siku ile langoni Elburgon sikuweza kutoa hata neno.

Siku zilizofuata nilikaa na ile TV kama mtu anayekaa na maiti ya mgeni. Nilikuwa nikisikia gari likisimama nje nashtuka. Ilisemekana askari wanapita mitaani wakitafuta vitu vya wizi, na mara mbili nilifikiria kuibeba niiache kando ya barabara. Sikuiacha kwa sababu niliogopa kuonekana nikiibeba. Mwishowe nilienda mjini kwa yule Singh wa vifaa vya stima, Bwana Harjit, ambaye nimenunua kwake nyaya na balbu tangu wewe ukiwa shule ya nasari. Sikwenda na TV. Nilimweleza tu kwa mdomo: maandishi ya kukaribisha, sauti inayogoma, matundu manne.

Alivua miwani. "Hiyo ni TV ya hoteli, mzee. Wanafunga sauti ili mgeni wa chumba hiki asimkoseshe usingizi wa chumba cha pili. Kuna namba ya siri ya kuifungua. Mwenye namba ndiye mwenye TV."

"Huwezi kuifungua bila namba?"

Hapo akaacha kunitazama kama mteja. "Umeitoa wapi?"

"Ni ya binti yangu."

"Na yeye ameitoa wapi?"

Lilikuwa swali langu mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe. Nilisimama pale na wateja wawili nyuma yangu, nikageuka kuona kama wamesikia. 

"Baba Wambui," akaniambia polepole, "mimi siku hizi kitu kisicho na risiti sikigusi. Duka la ndugu yangu lilivunjwa. Usiniletee hapa, tafadhali."

Nilitoka bila kuaga. Nilitembea hadi stendi ya magari, na hata sikurudi nyumbani kubadilisha shati. Nilipanda gari la Naivasha. Nilitaka kujua, hata kama kujua kungemaanisha kukupeleka kituoni kwa mkono wangu. Hilo nililifikiria, Wambui. Nilipanga hata maneno nitakayosema.

Lango la hoteli lilikuwa na mnyororo. Nyasi zilikuwa zimeanza kumea kwenye njia ya magari, na hakukuwa na sauti ya mtu ila ndege wa ziwani. Mlinzi alitoka kibandani akivuta kaptula juu. Alikuwa Mkamba, jina lake Mutua. Nilimwambia natafuta meneja.

"Meneja alienda Nairobi, mzee. Hoteli imefungwa."

"Tangu lini?"

"Tangu wageni wakimbie. Walipoona moto kwa TV huko kwao, hakuna aliyebaki. Wafanyakazi walikaa wakitandika vitanda visivyo na wageni, halafu karibu wote wakaambiwa waende nyumbani."

Nikauliza kama anamjua msichana anaitwa Wambui, wa vyumbani. Akacheka.

"Wambui wa TV? Wewe ndiye mzee mwenye sikio bovu?"

Nilishika mnyororo wa lango. Akanieleza kwamba mshahara ulikosekana, basi wakaambiwa kila mtu achague kitu aende nacho. Yeye alipewa magodoro mawili na pasi. Watu wa jikoni walichukua friji. Wasichana wengi walitaka vitanda, maana kitanda unaweza kukiuza siku hiyo hiyo. "Wako alisema anataka TV ya chumbani. Tukamwambia hiyo nani atanunua wakati huu? Akasema si ya kuuza. Alisema baba yake hasikii redio vizuri, na TV huwa na maandishi yanayopita chini wakati wa habari, atakuwa akisoma."

Ungefikiri nilishukuru hapo hapo. Hapana. Nilikuwa nimeshazoea. Nilimwomba nione hiyo pasi. Akaniletea, akaniangalia vibaya kidogo, na haki yake. Halafu nilivuka barabara kwa mama anayeuza samaki, nikamuuliza kama mtu anayeuliza bei, na nikaona amekalia kiti cha hoteli chenye namba ya chumba imeandikwa mgongoni. "Nilinunua kwa mpishi," akasema. "Wote walilipwa viti na masufuria, maskini. Wengine wanaona haya hata kurudi makwao."

Nilipomsikia mama wa samaki ndipo nikaamini. Niliketi kwenye mawe.

Mutua hakunifukuza. Fundi wa stima wa hoteli alikuwa bado ndani akikagua nyaya; nilipomweleza shida ya sauti akaniletea rimoti kutoka kwa droo iliyojaa rimoti zisizo na TV, akaniandikia ile namba ya siri kwenye kiganja kwa kalamu. Akanionyesha vibonye vya kubonyeza kwa pamoja. Safari yote ya kurudi nilikuwa nimefumba ngumi nusu, ili jasho lisiifute namba.

Nilikuja moja kwa moja kwa Tabitha. Ulikuwa ukianika nguo. Unayakumbuka maneno yetu, lakini nataka uyaone yakiwa yameandikwa na mimi, ili usidhani niliyasikia nusu.

Nilisema, "Nimetoka Naivasha."

Ukaendelea kuanika.

"Kwa nini hukuniambia umeachishwa kazi?"

"Uliniuliza TV imetoka wapi. Uliniuliza katoni. Uliniuliza rimoti. Hukuniuliza mimi kama niko sawa."

"Ungesema tu, mama."

"Ningekuja aje mikono mitupu, Baba? Wewe ulitangaza kanisani kwamba msichana wako anafanya kazi hotelini. Nilifikiri ukiona TV hutaona kwamba sina kazi."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nilishuku uongo na uongo ulikuwepo. Nilichokosea ni kujua ulikuwa wa nini. Hata leo siwezi kukuambia kwamba sikupaswa kukuuliza. Kitu kikija bila katoni katika mwezi kama ule, baba yeyote ataulizia. Lakini niliiuliza TV, na nikamuuliza Singh, na mlinzi, na muuza samaki. Nilisafiri hadi ziwani kutafuta jibu lililokuwa kwa shangazi yako likianika nguo.

Tulirudi nyumbani pamoja. Nilichomeka waya kwenye soketi, wewe ukabonyeza vile vibonye viwili, mimi nikasoma namba kutoka kwa kiganja, tarakimu moja ilikuwa imefutika ukaibahatisha. Sauti ilipofunguka, ilikuwa imefika juu kabisa, na Mama Karanja akaja mbio mlangoni akidhani kuna vita tena. Nilifungua pazia. Nilimwambia mbele yako kwamba hoteli ilifungwa, ukaachishwa kazi, ukalipwa TV. Ulinikodolea macho. Halafu yeye akasema, "Pole, mtoto," akaingia, akaketi, akatazama habari hadi mwisho. Mpaka leo sina hakika kama alituamini. Nilijifunza kwamba naweza kuishi bila hakika hiyo.

Sasa unakwenda Juba, hoteli nyingine, na kuna huyu wakala. Nimemwendea mara mbili bila kukuambia. Ananiudhi kwa sababu hucheka kabla hujamaliza kuuliza. Nimemtafuta pia yule msichana wa Ndabibi aliyerudi kutoka huko, na amesema hoteli ipo kweli, mshahara hutoka, ingawa huchelewa, na joto si la kawaida. Ameniambia kuna waajiri wanaochukua pasipoti za watu wakidai kuwahifadhia. Yako usimpe mtu, hata akiwa mpole, hata akikwambia meneja anajua. Ishone ndani ya nguo ukilazimika. Na ukiona jambo limekaa vibaya, mwulize mtu mwenyewe, usoni, siku hiyo hiyo. Usifanye kama baba yako wa kuzunguka ziwa.

Mtu asiyeshuku huishi kwa bahati. Sitakuombea uwe hivyo. Nakuombea tu ukishuku usiache kumwita mtu jina lake na kumuuliza yeye mwenyewe.

Namwona Tabitha anakusindikiza, mko pale kona ya ploti na hamjamaliza kuongea, kwa hivyo nimalizie. Ukikosa kazi huko, ukidhulumiwa, ukichoka tu, usitafute kitu cha kuja nacho. Usinunue hata mkate njiani. Sitakuuliza umeleta nini. Nitakuuliza kama umekula, halafu nitakuuliza kama uko sawa, na nitageuza sikio la kulia ili nisikie jibu.

Ni mimi,
Baba yako